Biasha binti Kitwana na Mashine Mbili za Chapa

Mwaka wa sabini na nne, ungeizunguka ghuba yote ya Chole, mtu wa kupiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama ungempata mmoja tu, naye alikuwa mwanamke: Biasha binti Kitwana, wa kisiwa cha Juani.

Hapo hapo Juani ndipo alipozaliwa, na katika watoto watano ndiye aliyebaki. Baba yake alikuwa mkulima wa minazi na mtu wa msikitini, akamfundisha Kurani kabla hajamfundisha kupiga kafi. Shule alisoma mpaka la saba. Alipofika miaka kumi na minane aliolewa na mvuvi wa dago, kijana aliyekuja na wenzake kutoka Kilwa kupiga kambi na kuvua msimu mmoja. Msimu ukaisha, na ndoa ikaisha nayo. Talaka ililetwa na mtu mwingine, imekunjwa ndani ya kifuko cha chumvi. Biasha hakulia sana. Alisema tu, "Angalau kaandika mwenyewe," maana mwandiko ule aliujua, na ulikuwa mbaya.

Mwaka uleule baba yake alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyumbani wakabaki wawili, yeye na mama yake, Bi Mwanamkuu.

Bi Mwanamkuu alikuwa na mguu wa tende. Mguu wa kushoto ulianza kuvimba Biasha akiwa mdogo, na kila mwaka ulizidi uzito. Kutoka kitandani hadi kibarazani aliweza. Kutoka kibarazani hadi kisimani aliweza, akipumzika mara mbili. Lakini kupanda chombo na kushuka, na kukokota mguu kwenye tope maji yakipwa, hilo lilikuwa limemshinda zamani. "Mimi nimeshatia nanga," alikuwa akisema. "Atakayenitaka atanikuta."

Chama kilipotafuta kijana wa kupelekwa Dar es Salaam kusomea kupiga chapa, vijana wawili wa kiume waliotajwa kwanza walisema hiyo ni kazi ya kukaa kitako, haiwafai. Jina la Biasha likafuata. Alikaa Ilala kwa mama yake mdogo miezi sita, na miezi hiyo sita majirani walimpikia Bi Mwanamkuu kwa zamu. Aliporudi na cheti chake alipita nyumba kwa nyumba kushukuru, na kila nyumba aliiachia kipande cha sabuni.

Akawekwa karani wa kamati ya vijiji vitatu: Utende, ambako barabara ya kutoka Kilindoni inaishia pwani, Chole, kile kisiwa kidogo cha katikati, na Juani kwao. Mwaka wa kwanza hapakuwa na mashine yoyote, akaandika kwa mkono. Kila karatasi nakala tano, maana wilayani walitaka tano. Vidole vikafanya sugu. Kisha likaja agizo kwamba karatasi za mkono hazitapokelewa tena, hasa orodha za minazi. Kila mwenye shamba aandikwe kwa chapa, idadi ya minazi yake iandikwe kwa chapa, na dole gumba lake aliweke juu ya karatasi hiyohiyo iliyopigwa. Asiyekuwamo kwenye orodha, mbata yake, nazi kavu ya kuuza, ghalani haitambuliki.

Ndipo kamati ikapata ruhusa ya kununua mashine, na Biasha akaanza kukosa usingizi.

Aliyeleta mashine alikuwa Ndugu Mbaraka, mtu wa mjini, mwembamba, shati lake halijikunji hata akishuka chomboni. Alileta mbili za kujaribia, akazipanga juu ya meza ndani ya ghala la mbata la Utende, nyumba pekee ya saruji na bati ambayo kamati ilikuwa nayo. Mwenyekiti alikuwepo, Mzee Hemedi, fundi wa mashua, na katibu, Ndugu Muhidini, aliyewahi kufundisha shule na mpaka leo husema na watu wazima kana kwamba wamechelewa darasani.

"Kununua mashine ni kama kuoa," alisema Ndugu Mbaraka. "Kwanza ujue kazi yako. Bei zao zinakaribiana, kwa hiyo fedha msiiangalie. Angalieni mambo mawili: nguvu na nafasi."

Akaweka mkono juu ya ile kubwa. Chuma kitupu, nyeusi, watu wawili kuinyanyua. "Huyu nguvu anazo. Ukipiga herufi moja, inapenya karatasi tano na kaboni zake, ya mwisho unaisoma kama ya kwanza. Na nafasi anayo: rola ndefu, karatasi unaiingiza kwa ubavu, jedwali lote linakaa."

Kisha akafungua kisanduku kidogo chenye mpini, na ndani yake imelala mashine ya kijivu, bapa, kama kasa mchanga. "Na huyu ni mwepesi. Unambeba kwa mkono mmoja. Anakwenda popote. Lakini nguvu yake ni karatasi tatu. Ya nne ni kivuli, ya tano ni ndoto. Na rola yake ni fupi, barua tu."

Mzee Hemedi akazigonga zote mbili kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kama anavyogonga mbao za mashua. "Hii kubwa ina sauti ya kitu kizima," alisema. "Hii ndogo inalia kama debe. Lakini mimi ni fundi wa mbao. Binti Kitwana, wewe ndiye mwenye ilimu. Kaa nazo wiki hii, ndogo unaweza kwenda nayo nyumbani ukaijaribu. Jumamosi tukae hapa utuambie. Utakalosema ndilo."

"Insha Allah, ami," alisema Biasha.

Neno hilo, utakalosema ndilo, alivuka nalo maji mpaka Juani, na lilikuwa zito kuliko kisanduku alichokipakata. Maana aliijua vizuri hesabu yake. Mashine kubwa haiwezi kukaa Juani, kwenye ofisi ya makuti inayovuja. Haiwezi kuvukishwa kila siku. Itakaa ghalani Utende, na mpiga chapa atakaa nayo Utende, maana maji hayamngojei mtu. Siku za bamvua kubwa maji hupwa mpaka chombo kinalala ubavu saa nne nzima. Juani atakuja Ijumaa kwa Ijumaa. Na Bi Mwanamkuu hapandi chombo. Majirani walimpikia miezi sita kwa kuwa miezi sita ina mwisho. Kazi haina mwisho.

Kwa hiyo alitaka mashine ndogo. Aliitaka mpaka akaiogopa.

"Nimepewa amana," aliwaza siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. "Wameniuliza kilicho bora kwa vijiji, hawakuniuliza kilicho bora kwa nyumba yangu." Aliswali rakaa mbili za istikhara, akamwomba Mola amuoneshe. Akaota mbuzi. Usiku wa pili hakuota kitu.

Ijumaa asubuhi aliijaribu mashine ndogo juu ya jamvi, kibarazani. Ilikuwa na herufi safi, lakini ilikuwa ngeni, chuma chake kikavu, na mkono wa kurudisha rola ulilia kwii kila mstari. Bi Mwanamkuu alikaa pembeni akipembua mtama.

"Kitoto hiki kinaumwa," alisema.

"Hakiumwi, mama. Ni kipya."

"Mpya halii hivi. Huyu ana njaa."

Biasha akacheka, akaenda kisimani, na kutoka huko akapitia kwa wagonjwa wawili wa mtaani, akakawia. Aliporudi mashine ilikuwa imefungwa kwenye kisanduku chake, imefunikwa kanga. Mama yake alikuwa ametulia, uso mweupe wa mtu aliyefanya wema. Biasha hakuuliza.

Jumamosi ilipambazuka na baridi ya kusi, ile ya mwezi wa saba inayowafanya wazee watoke msikitini wamejifunika mashuka mpaka masikioni. Alibusu mkono wa mama yake, akabeba kisanduku kichwani, akavuka na chombo cha mapema.

Ghalani walikuwa wameshajaa. Mzee Hemedi kwenye kiti, Ndugu Muhidini na daftari lake, wajumbe kumi na mmoja juu ya magunia, na miongoni mwao Mfaume wa Chole, mvuvi wa nyavu ambaye ulimi wake haukupata likizo tangu alipoanza kusema.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuoneshe."

Alianza na ile kubwa. Akaingiza karatasi tano na kaboni nne, akapiga mistari sita. Ghala likaitika, tak, tak, tak, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ndugu Muhidini akaichukua nakala ya tano, akaisoma kwa sauti kwenye mwanga wa mlango, hakukwama hata neno moja.

"Na sasa hiyo ya begi," alisema.

Biasha akafungua kisanduku, akaingiza karatasi, akapiga herufi ya kwanza. Kijinyundo kikapanda, kikagusa karatasi, kikabaki hukohuko. Akapiga ya pili. Nayo ikapanda taratibu, kama mtu anayeamshwa usingizini, ikaegemea mwenzake. Ya tatu haikupanda kabisa.

Mfaume akadakia: "Jamani, mpeni kahawa huyo! Kapigwa na baridi."

Ghala zima likacheka. Biasha akavitenganisha vijinyundo kwa kidole, akapiga tena, vikashikana vitatu kwa pamoja kama ndugu wanaoagana. Masikio yakamwaka moto.

"Mashine gani hii," alisema Ndugu Muhidini, "asubuhi moja ya kusi imeilaza? Mwenyekiti, sioni haja ya kuendelea. Yenye nguvu imeonekana."

Biasha aliinama karibu na mashine, na harufu ikampanda puani. Nazi. Akaangalia kwenye mizizi ya vijinyundo, akaona weupe uliotanda humo ndani, mgumu kama nta. Unyoya mdogo wa kuku ulikuwa umenata pembeni. Papo hapo akaujua mkono ulioushika unyoya ule, na kanga iliyofunika kisanduku, na uso wa yule mtu aliyefanya wema.

Katika Mafia nzima hakuna nyumba isiyo na chupa ya mafuta ya nazi. Hupakwa nywele, hupakwa mtoto, hupakwa bawaba ya mlango na jembe lililoanza kutu. Na asubuhi za kusi mafuta hayo huganda chupani, watu huyaanika juani au kuyaweka kando ya jiko, wala hakuna anayeshangaa. Lakini mwenye kuyatia ndani ya mashine ya chapa bado alikuwa hajapatikana duniani, mpaka alipotokea Juani.

Sasa afanye nini? Akisema mama yangu ndiye, jina la mama litavuka maji na kurudi likiwa kichekesho cha vijiji vitatu. Akinyamaza, mashine itahukumiwa kwa kosa lisilo lake, na uamuzi utajengwa juu ya uongo, hata kama uongo huo hakuutamka yeye.

"Mwenyekiti," alisema, "mashine hii si dhaifu. Imetiwa mafuta ya nazi, na mafuta yameganda."

"Nani kayatia?" aliuliza Ndugu Muhidini.

"Ilikuwa mikononi mwangu, ndugu katibu. Lililoipata ni langu."

Mzee Hemedi akaguna. "Kwani mafuta ya nazi yana kosa gani? Mimi patasi zangu zote nazipaka nazi."

"Na mimi ndoana," alisema mjumbe mmoja.

"Na mimi baiskeli," alisema mwingine.

"Ndiyo maana huwa unaisukuma kila asubuhi!" alisema Mfaume. "Siku zote najiuliza, huyu baiskeli kanunua ya kupanda au ya kutembea nayo?"

Wakacheka tena, lakini safari hii si Biasha aliyechekwa. Mzee Hemedi akaagiza mashine itolewe nje, iwekwe kwenye jua upande usio na upepo, juu ya bati lililolazwa chini. "Nazi tunaijua," alisema. "Jua likipanda itaachia yenyewe. Tungojee."

Wakangoja. Lakini watu kumi na wanne hawawezi kungoja bila kusema, na aliyesema ni Ndugu Muhidini. Aliweka daftari chini, akavua miwani, akasema kwa sauti ya upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali.

"Bi Biasha, niseme neno moja, na usinichukie. Mashine hii tunainunua kwa ajili ya ofisi. Nakala tano, jedwali pana, kubwa inavimudu vyote. Kila aliyekaa hapa ana macho. Wewe unaitaka hii ndogo. Si kweli? Na unaitaka kwa sababu ya mama yako pale ng'ambo. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake."

Hakuna aliyecheka. Mfaume naye alitazama chini.

Biasha alihisi machozi yakija, akayasubiri yapite. Aliwaza kukataa. Aliwaza kusema la, naitaka kwa kuwa ni nyepesi. Ingekuwa kweli nusu, na nusu ya kweli ndiyo aliyokuwa akiikimbia wiki nzima.

"Ni kweli," alisema. "Naitaka hiyo ndogo, na naitaka kwa sababu ya mama yangu. Mashine kubwa ikikaa hapa, nami nitakaa hapa, na mama hatakuwa na wa kumpa maji. Nimeswali, nimeomba, na moyo wangu bado unavuta upande huohuo. Kwa hiyo, ami, lile neno uliloniambia, utakalosema ndilo, nalirudisha. Shahidi mwenye upande hashuhudii. Mimi nitawaambia ninayoyajua juu ya mashine hizi, mabaya na mazuri, kisha mtaamua nyinyi. Na mkichagua kubwa, nitaipigia. Nitatafuta la kufanya na mama."

Akaeleza. Kubwa: nguvu karatasi tano, nafasi ya jedwali zima, haisogei. Ndogo: karatasi tatu, kwa hiyo kila orodha ipigwe mara mbili, tatu kwanza na mbili baadaye, jedwali pana halikai, itabidi lipigwe vipande viwili viunganishwe kwa uji wa muhogo, na itachoka mapema kuliko kubwa. Hakuficha hata moja. Alipomaliza alikaa chini juu ya gunia, mikono magotini, kama mtu aliyekwisha kutua mzigo ingawa hajajua ametua wapi.

Mzee Hemedi akamgeukia katibu. "Muhidini. Orodha ya mwaka jana, Juani, ina watu wangapi?"

Katibu akapekua. "Thelathini na wanane."

"Na Juani ina wenye mashamba wangapi?"

Ndugu Muhidini akarudi kupekua daftari.

"Wanapita sitini," alisema mjumbe wa Juani. "Wengine hawakuja kutia dole. Wazee wale. Nani atawavusha? Bimkubwa wa kule kwetu Kua ana minazi kuliko sisi wote humu, na hajakanyaga chombo tangu Waingereza wapo."

"Biasha angeweza kuandika majina kule kwa mkono, aje kuyapiga hapa," alisema katibu.

"Halafu karatasi irudi kule kutiwa dole," alisema Mzee Hemedi, "na jina likiwa limekosewa irudi tena hapa, na katikati yake kuna maji. Mwaka jana bahasha mbili zililowa, nilizianika mimi mwenyewe juu ya mashua. Muhidini, sikubishii. Binti anavuta ngozi kwake, na kasema mwenyewe kwamba anavuta. Lakini hebu tuiangalie ngoma yenyewe. Kazi yetu kubwa mwaka huu ni dole la mtu juu ya karatasi iliyopigwa. Wa kutia dole wako pande tatu za maji. Sasa watu sitini waifuate mashine, au mashine iwafuate watu?"

"Na nakala tano?"

"Nakala tano ni jasho la mmoja. Mwulize kama atalitoa."

Ndugu Muhidini akamgeukia Biasha. "Kila orodha mara mbili. Leo na kesho na mwakani. Si mwezi wa kwanza tu wa furaha?"

"Kila orodha mara mbili," alisema Biasha.

"Na ikichelewa wilayani?"

"Haitachelewa."

Hapo nje sauti ikasikika, tak. Watu wakageuka. Kimya kidogo, kisha tena, tak. Jua lilikuwa limeshalipasha bati moto, mafuta yalikuwa yakiyeyuka, na vijinyundo vilivyokwama hewani vilikuwa vinaanguka kimoja kimoja kurudi mahali pake. Mfaume akainuka, akaichungulia, akarudi.

"Mgonjwa kafumbua macho," alisema.

Biasha akaipangusa kwa kitambaa kilichochovywa mafuta ya taa, mara tatu, mpaka harufu ya nazi ikatoka. Akaingiza karatasi tatu. Ilikwenda. Haikuwa na ile sauti ya kitu kizima, lakini ilikwenda, na nakala ya tatu ilisomeka. Akaingiza na ya nne makusudi, ili wote waone kwamba ya nne ilikuwa kivuli.

Wakapiga kura kwa mikono. Kumi kwa wawili, ndogo. Mzee Hemedi hakunyanyua mkono popote, alisema mwenyekiti ni usukani, si upepo. Ndugu Muhidini alikuwa mmoja wa wale wawili, na hakubadilisha. Ila Ndugu Mbaraka alikuwa amesema ndogo zinapatikana za herufi za aina mbili, nyembamba na nene, na Biasha akasema hilo na achague katibu, kwa kuwa ndiye anayesoma kila kitu kabla hakijakwenda.

"Nene," alisema Ndugu Muhidini haraka, akavaa miwani yake. Na ikawa nene, ingawa zilikula karatasi.

Biasha alipokuwa akishuka pwani na kisanduku, Mzee Hemedi alimsindikiza hadi majini. "Msalimie Bi Mwanamkuu," alisema, bila kumtazama. "Mwambie mafuta yake ni safi sana. Ila si ya mashine."

Biasha akashtuka, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Zitafika, ami."

Alimkuta mama yake kibarazani, mguu umenyooshwa juu ya kinu kilicholazwa.

"Wamechukua ipi?"

"Ndogo."

Bi Mwanamkuu akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, kisha akasema, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Na leo haikulia?"

"Haikulia kabisa, mama," alisema Biasha, na hiyo nayo ilikuwa kweli.

Mashine yao wenyewe ilifika mwezi uliofuata, yenye herufi nene. Wiki ya kwanza Biasha aliibeba mpaka Kua, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa uani kwa Bimkubwa, akapiga jina lake na minazi yake mia mbili na kumi, na bibi yule akatia dole gumba mara tano, akipangusa baada ya kila mara kana kwamba wino ni najisi. Orodha ya Juani mwaka ule ilikuwa na watu sitini na wanne.

Ahadi ya kupiga mara mbili haikuwa rahisi. Miezi ya orodha mgongo ulimuuma, na mara nyingi alipomaliza nakala tatu za kwanza alitamani kulala kifudifudi. Siku moja, jua la saa nne, alitoa karatasi zilizokwisha, akapanga nyingine mbili na kaboni, akaanza upya kutoka jina la kwanza. Mama yake alikuwa anamenya kunde karibu naye. Alisikiliza kidogo.

"Hilo si ndilo uliloandika asubuhi?"

"Ndilo."

"Umekosea?"

"Sikukosea. Linataka kupigwa mara mbili."

"Kila siku?"

"Kila orodha, mama. Ndivyo tulivyokubaliana."

Bi Mwanamkuu akafikiri, ganda la kunde mkononi. Hakuuliza tulikubaliana na nani, wala kwa ajili ya nini. Akasogeza mguu wake kwa mikono miwili, taratibu, akampisha binti yake penye kivuli.

"Basi piga," alisema. "Maji ya kunywa nitakuchotea mimi."

Na akainuka, akashika ukuta, akaenda mtungini.